Nukta ya Ilarie

Simu ya Bibi Saveta ilikuwa inazima kabla ya mchana, na kwa sababu hiyo bintiye alikuwa anataka kumhamishia Torino.

Saveta anakaa nyumba ya mwisho ya kijiji cha Runcu, pale lami inapochoka na kuiacha njia ya kondoo iendelee peke yake. Anafuga ng'ombe mmoja, Dumana. Moyo wake ni mbovu. Daktari amemkataza kubeba ndoo, naye hubeba. Mwezi wa Novemba aliteleza uani, maziwa yakamwagika, akabaki chini kwenye barafu bila nguvu ya kunyanyuka. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Akaitoa, akabonyeza, kioo cheusi. Alikuwa amekwisha kuanza kusali sala ya mwisho. Mimi, Haralamb, nilikuwa napita njia, natafuta pa kujihifadhi na theluji, nikamsikia ng'ombe analia kama anayeita mtu, nikachungulia juu ya ua.

Hivyo ndivyo nilivyopata pa kukaa majira yale ya baridi. Nililala jiko la nje, nikapasua kuni, nikabeba ndoo. Kukaa si kazi yangu. Nimechunga kondoo, nimeezeka mapaa, nimekata matete kule kwenye delta ya mto Danubi nilikozaliwa, na shule nimesoma vipande vipande, kipande huku kipande kule, mpaka nikajikuta najua kusoma. Miti ya plamu ikichanua, baridi ikiisha, huwa naondoka. Saveta alilijua hilo tangu mwanzo, wala hakulitaja.

Doina, bintiye, yeye yuko Torino anauguza wazee wa Kitaliano. Aliposikia habari ya barafu alilia kwanza, kisha akatoa amri.

"Mama, simu hiyo isipokaa na chaji mpaka usiku, Pasaka nakuja kukuchukua. Na Dumana tunamuuza."

"Ukitaka kumuuza, njoo kwanza umkamue," Saveta akajibu.

Lakini alipoiweka simu mezani aligeukia dirisha. Huko Torino si Wataliano waliomwogopesha. Kilichomwogopesha ni kukiacha kilima kilichokuwa dirishani mwake, chenye misalaba. Pale amelala mumewe, na karibu na mumewe amelala Ilarie, mwanawe, aliyepindukiwa na trekta akivuna nyasi za mama yake, sasa ni mwaka wa pili. Alikuwa akifanya kazi Ujerumani, akaja likizo kusaidia nyasi. Kaburi huku kwetu halikai bila mtu. Linataka mshumaa, linataka kupaliliwa, linataka ngano iliyochemshwa na sukari siku zake za kumbukumbu zikifika. Saveta akienda Torino, ni nani wa kumwashia mwanawe?

Basi tukaitibu ile simu kama mtu anavyotibu mgonjwa wa nyumbani. Kwanza tulisema ni baridi, maana baridi hula betri, hata trekta linajua hilo. Saveta akaivalisha soksi ya sufu na kuilaza juu ya jiko la udongo, kando ya paka. Ikazima ikiwa na joto. Doina akatuelekeza kupunguza mwanga wa kioo, tukapunguza hadi Saveta akawa anaisoma kwa kuilaza chini ya shuka. Ikazima. Tukasema ni mtandao dhaifu wa bondeni, simu inajichosha kutafuta mnara. Nikaipachika dirishani upande wa kilima. Ikazima pale dirishani. Krismasi ilipofika Doina akachoka, akatuma simu mpya ndani ya boksi lake. Wakaihamishia kila kitu kule mjini, picha, majina, kila kitu. Siku ya pili yake ile mpya nayo ikazima kabla ya mchana.

Hapo ndipo hata mimi, nisiyejua simu, nilielewa kwamba ugonjwa haukuwa kwenye chuma. Ulikuwa kwenye vile vilivyohamishwa.

Tukapanda basi la asubuhi kwenda kwa Otilia. Otilia ana kibanda chake pale stendi, kati ya muuza tiketi na muuza mbegu za alizeti, na nusu ya mbegu zile huishia mdomoni mwake. Yeye ndiye aliyehamisha vitu vya Saveta siku ile ya Krismasi.

"Shangazi, umerudi!" akasema. "Na umekuja na mzee wako."

"Si wangu. Ni wa barabara."

"Mjomba, eti ni kweli huna simu kabisa?"

"Sina."

"Wewe ukifa tutakuweka makumbusho, karibu na jembe la mbao." Akaichukua simu ya Saveta, akaipangusa kwa mkono wa sweta. "Haya, inaumwa nini leo?"

"Kile kile," Saveta akasema. "Inakufa mapema."

Otilia alitema maganda kwenye kopo, akaanza. Alipima betri kwa kimashine chake, akasema betri ni nzima, changa, haijaanza hata maisha. Akazima muziki ambao haukuwapo. Akafuta mchezo wa peremende aliousakinisha mjukuu wa jirani. Kisha akafungua ukurasa unaoonyesha nani kala nini, maana kumbe simu huandika yenyewe ni programu gani imekula umeme na kiasi gani. Akasoma, akaacha kutafuna kidogo.

"Hii hapa. Hii programu ya familia, ya kuonana mlipo kwenye ramani. Imekula karibu betri yote, nyingine zinagombania makombo. Shangazi, unaifungua mara ngapi?"

"Mara moja tu, jioni. Naangalia kisha nafunga."

"Basi wewe unafunga, yenyewe haifungi. Inafanya kazi kichinichini, umeiweka mfukoni nayo inaendelea." Akaifungua. "Mko watatu humu. Wewe hapa. Doina huyu yuko Italia, nukta ya bluu, safi. Na huyu Ilarie nukta yake imekuwa ya kijivu. Simu yake haijibu. Tatizo ndilo hili! Mwambieni Ilarie awashe simu yake, mambo yamekwisha."

Mimi nikatazama mbegu za alizeti za jirani.

"Hawezi," Saveta akasema.

"Hawezi kivipi? Kaenda wapi, mwezini?"

"Yuko hapo hapo inapoonyesha."

Otilia akaivuta ramani kwa vidole viwili ikakua. Ikatokea barabara ya Runcu, mto, kanisa, na juu ya kanisa kile kilima. Nukta ya kijivu ilikuwa katikati ya makaburi. Otilia ni mtu wa mjini, hakumjua Ilarie. Akaiweka simu mezani taratibu, akachukua mfuko wake wa mbegu akaufunga mdomo.

"Samahani, shangazi. Mungu amrehemu. Lakini simu yenyewe iko wapi?"

"Anayo."

Ikabidi aeleze, na ndiyo mara ya kwanza nami kulisikia. Huku kwetu marehemu haondoki mikono mitupu. Huwekewa kofia yake, kitana, sarafu ya njiani, mshumaa. Mvutaji huwekewa sigara. Saveta alipomaliza kumwekea vyote hivyo alikumbuka simu. Ilarie alikuwa halali bila simu, hali bila simu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka programu ile kwenye simu ya mama yake alipokuwa anaondoka kwenda Ujerumani, akasema, mama, ukinitafuta mimi ni hii nukta. Saveta aliichaji simu ya mwanawe mpaka ikajaa. Akaichomeka chini ya mto wa jeneza padri alipogeuka kuchukua chetezo. Wala hakuizima.

"Ningeizimaje?" akatuambia. "Giza lote lile."

Siku zile za mwanzo baada ya mazishi nukta ilibaki bluu, juu pale kilimani. Kisha ikageuka kijivu, lakini haikuondoka. Kila jioni, akishamaliza kukamua, Saveta alikuwa akiifungua simu kuitazama.

Otilia akasema polepole, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

"Nikueleze inavyofanya kazi, shangazi. Simu yako huita simu za wenzake. Inauliza, uko wapi? Ikijibiwa, inalala. Isipojibiwa inangoja kidogo, inauliza tena. Zamani ilikuwa inauliza kwa nadra. Msimu wa majani kupukutika waliibadilisha hii programu, siku hizi inauliza bila kupumzika. Ndiyo maana ulianza kuona tatizo Novemba. Simu ya Doina inajibu. Hii nyingine..."

"Inamwita?" Saveta akauliza.

"Inamwita."

"Mimi nilidhani inaonyesha tu alipo. Kumbe inamwita." Akaishika ile simu, akaigeuza akaitazama mgongoni, kama vile atauona mdomo wake. "Mchana na usiku?"

"Mchana na usiku, shangazi."

Nimeona watu wengi wakipewa habari kwenye vibanda na vituo. Sikuwahi kumwona mtu akipewa habari ya ubovu na kuipokea namna ile, kama aliyeambiwa kwamba kuna mtu amekuwa akimfanyia kazi kwa siri miaka yote na hajawahi kumshukuru.

Otilia akaeleza dawa. Angeweza kuing'oa programu yote, lakini Doina asingemwona mama yake tena kwenye ramani, na hilo Doina hakulikubali. Angeweza kuizuia isifanye kazi kichinichini, lakini ni yale yale, ikizuiwa nukta ya Saveta nayo inaganda, akianguka leo Torino wangemwona amesimama pale aliposimama jana. Ilibaki njia moja. Kumtoa Ilarie kwenye familia. Unagusa jina, unagusa neno moja jekundu, simu haina wa kumwita tena.

Kidole cha Otilia kilikuwa juu ya kioo. Saveta akaivuta simu yake.

"Usimguse."

"Shangazi, nukta siyo yeye."

"Najua siyo yeye. Mimi ndiye niliyemvalisha soksi za kuzikiwa, nadhani najua yeye ni yupi." Akafunga kilemba chake cheusi upya. "Haralamb, twende, basi linaondoka."

Doina akapiga jioni ile ile. Saveta hupenda kuweka sauti nje ili mikono iendelee na kazi, kwa hiyo nilisikia, nikiwa nachochea ugali jikoni. Akamweleza binti yake kila kitu, hata ile habari ya mto wa jeneza.

"Mama," Doina akasema, "mtoe. Nakuomba. Usiku silali. Nawageuza mama za watu vitandani, wangu sijui kama amelala kwenye barafu. Mtoe mama, ni rangi tu kwenye kioo."

"Wewe umemtoa kwenye yako?"

Mlango ukasikika ukifungwa kule Torino.

"Nimekuuliza, Doina."

"Mimi natembea na chaja," Doina akasema. "Kila chumba cha mgonjwa ninachoingia natafuta soketi kwanza. Wenzangu wananicheka. Nilijua tangu Novemba ni nini kinachoila, nilisoma. Mara nyingi nimefika kwenye lile neno jekundu, mama, mkono unaka..."

Ikazima.

Saveta hakuinuka kuichomeka. Nikampakulia ugali, jibini, na malai, akala vijiko viwili. Katika nyumba niliyokaribishwa sina desturi ya kushauri.

Wiki ile ilikuwa ya kuelekea Jumamosi ya Wafu, ile ya kabla ya mfungo mkuu. Runcu nzima ilikuwa inachemsha ngano na kununua masufuria. Siku hiyo ndiyo ya pomana: unamgawia mtu aliye hai kitu kizuri, unalitaja jina la marehemu wako, na kile kitu kinamfikia kule aliko. Ukimpa jirani sufuria, baba yako huko ana sufuria. Ukimpa mpita njia koti, mumeo huko hasikii baridi. Anayepewa hasemi asante. Husema bogdaproste, yaani Mungu amsamehe marehemu, na kuanzia hapo kitu ni chake kabisa, wala hakidaiwi wala hakiulizwi. Mimi katika kutangatanga kwangu nimevaa viatu vya wafu wengi. Nimevivaa kwa heshima.

Saveta alikuwa anasuka mikate ya pomana, unga umempanda mpaka viwikoni, ghafla akaacha.

"Otilia alisema ikijibiwa inalala."

"Alisema hivyo."

"Alisema ijibiwe na nani?"

"Na simu ya Ilarie."

"Simu ni chuma," akasema. "Ile ya kwangu mlihamisha vitu vyote kwenye chuma kingine, na ugonjwa ukahama navyo. Basi na nafasi yake inaweza kuhamia kwenye chuma kingine."

Tukarudi kibandani siku ya soko. Otilia akasikiliza, akakuna kichwa kwa bisibisi, akasema inawezekana. Yeyote atakayeingia kwa namba ya Ilarie na neno lake la siri, anakalia nafasi yake. Ile nukta itaamka na kuwa pale alipo huyo mtu. Lakini neno la siri nani analijua?

"Jaribu Dumana," Saveta akasema.

"Nini hicho?"

"Ng'ombe."

Ikakubali. Otilia alicheka mpaka akajifuta macho, na nadhani hakuwa akifuta kicheko peke yake.

"Sasa shangazi, elewa kitu kimoja. Huyo mtu akishaingia, nukta haitakaa kilimani tena. Itakwenda naye. Na ile kumbukumbu ya kilimani hairudi."

Saveta alitikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Mimi nirudishe kwenye simu yangu ya zamani. Hii mpya ndiyo nitakayoitoa."

"Shangazi! Mpe hiyo kuukuu, mpya baki nayo wewe!"

"Pomana ya kitu kibovu huko inafika kibovu. Unataka mwanangu ashike simu yenye ufa?"

"Haya. Na unampa nani?"

Nilikuwa nimekwisha kuwaza ni nani. Mke wa mtoto wa Paraschiva, jirani, alikuwa akiitamani simu ile tangu Krismasi. Saveta akanielekezea kidevu.

"Huyu."

"Mimi?" nikasema. "Bibi, mimi naondoka. Plamu zikichanua mimi sipo hapa."

"Najua. Mtu wa kukaa Runcu nimwone kwenye ramani wa nini? Namwona dirishani. Ilarie alikuwa mtu wa kwenda. Nataka mtu wa kwenda."

"Sijui kuitumia."

"Huna haja ya kuitumia. Iwe mfukoni, iwe na chaji. Basi."

Otilia akaniangalia bila utani. "Mjomba, uelewe na wewe. Ukiiacha izime, yake itaanza kuita tena. Itamwishia mfukoni kama kawaida. Yako ikilala na chaji, yake nayo inalala."

Nikatoka nje nikasimama pale yanapogeuzia mabasi. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kujua nililala wapi, na nilikuwa nimekizoea hicho kitu mpaka nikakiita uhuru. Mtu asiye na simu hatakiwi mahali. Mtu asiyetakiwa mahali halazimiki kupita mlango wowote. Sasa bibi wa watu alikuwa ananitaka nibebe kitu ambacho kila jioni kingeniuliza, uko wapi? Na pomana haikataliwi. Ukiikataa humkatai anayetoa, unamkataa yule aliyelala.

Niliporudi ndani Otilia alikuwa ameiandaa simu, imebaki kubonyeza mara moja tu. Akanionyesha wapi.

Jumamosi ilikuwa na matope chini na theluji kwenye vivuli vya misalaba. Kila kaburi lilikuwa na wanawake wake, mishumaa yake, bakuli lake la ngano lenye msalaba wa sukari. Padri alipita na chetezo akisoma majina, kaburi moja hadi jingine. Saveta alikuwa na masufuria mawili kwa ajili ya mumewe, na mkate wa kusuka, na taulo jipya, na juu ya taulo ile simu.

"We Saveta," Paraschiva akaita kutoka kaburi la tatu, "mwaka huu unagawa simu? Utatuharibia bei! Sisi tumekuja na masufuria!"

"Wa kwako hakuwa na wa kumpigia," Saveta akamjibu, na wale wanawake wakacheka, kisha wakanyamaza walipomwona anasimama upande mmoja wa kaburi na mimi ananituma upande wa pili.

Kitu kizito hutolewa hivyo, juu ya kaburi, mkono kwa mkono. Zamani ilikuwa kuku hai. Akawasha mshumaa, akaubandika kwenye mkate, akaninyooshea vyote pamoja.

"Ilarie, hii ni yako. Haralamb atakubebea."

"Bogdaproste," nikasema, nikapokea. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea.

Nikaibonyeza pale nilipoonyeshwa. Ikafikiri. Kisha ikaleta kijisanduku cheupe.

"Bibi, inauliza jina."

Hilo Otilia hakulitaja, labda hakulijua. Chetezo kilikuwa kinalia makaburi ya juu. Saveta aliutazama msalaba wenye picha ya mwanawe, amevaa shati la sherehe.

"Andika lako," akasema. "Kilichotolewa kimetolewa."

Nikaandika herufi moja moja kwa kidole gumba kilichokufa ganzi, nikikosea na kurudia. Nilipomaliza, Saveta alikuwa ameshika simu yake ya ufa kwa mikono miwili, karibu na uso. Paraschiva akasogea akachungulia begani mwake, akajifanyia ishara ya msalaba.

Nukta ilikuwa bluu. Pale pale ilipogandia, juu ya kaburi, bluu.

Hakulia. Alikaa kwenye benchi dogo la makaburini, simu magotini.

"Sasa ondoka," akaniambia.

"Niende wapi?"

"Popote. Nataka kuona."

Nikatoka getini na mkate wangu wenye mshumaa. Nilishuka kilima, nikapita kanisa, nikapita nyumba ya Paraschiva na mbwa wake. Nilifika darajani nikainama kufunga kamba ya kiatu, kisha nikaendelea hadi kwenye kinu cha zamani ambapo njia inagawanyika. Mshumaa ulizimwa na upepo hapo. Sikujua mtu huhisi nini anapotazamwa kutoka mbali na asiyemtaka chochote, maana halikuwahi kunipata. Nililihisi mgongoni kama jua.

Niliporudi watu wengi walikuwa wametawanyika. Yeye alikuwa pale pale.

"Darajani ulisimama," akasema. "Ulikuwa unakojoa?"

"Nilifunga kiatu."

"Haya." Akapangusa kioo kwa upindo wa kilemba. "Sikuwa nimemwona akitoka hapa. Aliingia, nikamwona. Kutoka sikuwa nimemwona."

Nikamshika mkono tukateremka.

Jioni, baada ya kukamua, simu ilikuwa na zaidi ya nusu. Saveta alimpigia Doina yeye mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu msimu wa mavuno. Waliongea mpaka supu ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena.

"Mama, kuna Haralamb kwenye ramani. Haralamb ni nani?"

"Ndiye niliyempa."

Tulisikia troli la dawa likipita huko kwao.

"Leo chaja iko begini," Doina akasema. "Haijatoka tangu mchana."

Pasaka Doina alikuja kweli, na begi tupu la kumfungia mama yake vitu. Akakaa wiki nzima akiiangalia ile simu ya ufa kama anayemlinda mgonjwa, nayo kila usiku ililala na chaji. Akaondoka peke yake, begi limejaa jibini na plamu kavu. Dumana hakuuzwa.

Na plamu za kwenye miti zikachanua, nikaondoka. Saveta hakunizuia. Alinifungia mkate kwenye lile taulo, akaniwekea chaja juu yake, akafunga fundo.

Tangu hapo nimebisha milango mingi nisiyoijua. Nilikuwa nikifika mahali nasubiri kuona kama watanipa mkate. Siku hizi kabla ya mkate nauliza umeme. Nimechaji kanisani nyuma ya picha za watakatifu, nimechaji kwa fundi viatu, nimechaji shuleni mwalimu akinihesabu kama mwanafunzi.

Juzi nilifika zizi la kondoo la juu kabisa, ambako hakuna waya wala nguzo. Wachungaji wana paneli moja ya sola juu ya kibanda, na soketi moja, na kwenye soketi ile kulikuwa na redio yao ikitangaza mpira. Nikamwomba mkubwa wao, jitu lenye kofia ya ngozi.

"Unangoja nani akupigie huku, mzee?" akauliza. "Mke?"

"Hakuna anayenipigia."

"Sasa unaichajia nini?"

"Kuna mama mmoja huko Runcu. Hii ikizima, ya kwake inaanza kumwita mtoto wake."

"Si apokee basi huyo mtoto?"

"Amelala kilimani. Mwaka wa pili huu."

Alinitazama, kisha akaitazama simu, na jina langu lililokuwa limeandikwa juu yake, na nukta ya bluu iliyokuwa imekaa katikati ya mlima usio na kitu. Mpira ulikuwa bado haujaisha. Akaichomoa redio yake, akachomeka yangu.